Usiku Wetu Unaanza Saa 2

Mpwa wangu,

Mama yako ameniletea slipu yako ya mshahara, nami nimeisoma mara tatu.

Kwanza pole. Najua kulala mchana chini ya bati, kanga imetundikwa dirishani, jirani anatwanga na watoto wanapiga kelele uani. Ikifika saa 8 mchana umeamka, kichwa kizito, na usiku kazi inakusubiri. Posho ya usiku inalipia usingizi huo, kwa hiyo usione haya kuidai.

Sasa tazama palipoharibika. Mnapokea simu za wateja wa Uingereza, na sera ya posho imeandikwa hukohuko makao makuu. Kwao usiku wa kisheria kwa kawaida huanza saa 5, na sheria yao haimlazimishi mwajiri kuongeza chochote kwa saa hizo. Ndiyo maana mfumo wao wa mishahara unaanza kukuhesabia saa 5. Lakini wewe umeajiriwa Dar es Salaam. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 20, inauhesabu usiku tangu saa 2 hadi saa 12 asubuhi, na kila saa ya humo inaongezwa walau asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Kampuni ikitaka kutoa zaidi, na itoe. Kupunguza haiwezi.

Piga hesabu nami. Msingi wako ni shilingi 780,000. Gawanya kwa 195, ndizo saa za mwezi kwa wiki ya saa 45. Unapata 4,000 kwa saa. Asilimia 5 yake ni 200. Unaingia saa 2 kamili, kwa hiyo saa tatu zinakwenda bure: 600 kila usiku. Kwa usiku 22 ni 13,200. Msimamizi wako atasema hiyo ni hela ya nauli tu. Mkiwa watu 200 kwenye shifti ile, ni 2,640,000 kila mwezi, na hiyo haitoki mfukoni mwake.

Wakikwambia posho imo ndani ya mshahara wa jumla, waulize imeandikwa wapi kwenye mkataba.

Sisi kiwandani tulikatiwa posho mwezi Machi. Afisa utumishi, mtu wa maneno matamu, akasema suala limepelekwa makao makuu, tuvute subira. Tukavuta hadi Oktoba. Tulipofika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, karani aliangalia tarehe kwenye fomu, akaweka kalamu chini. Madai kama yale hufunguliwa ndani ya siku 60. Tukaomba kuongezewa muda, tukakataliwa. Wenzangu wawili walikuwa wamekopa wakitegemea fedha ile. Mpaka leo linaniuma, maana mimi ndiye niliyewaambia wasubiri.

Slipu yako ya kwanza yenye upungufu ilitoka tarehe 28 mwezi uliopita. Kesho andika barua ya malalamiko, uipeleke ofisi ya utumishi, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Saa zako za kuingia na kutoka ziandike kwenye daftari kila siku. Zungumza na wenzako wa shifti, na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi kama yupo. Jumapili njoo na mkataba na slipu zote. Fomu ya Tume ninayo hapa, tutaijaza pamoja.

Mjomba wako