Ngoma Nne Juu ya Lori

Watu wengi wakaao Voi huijua barabara ya Taveta kwa ajili ya biashara tu. Huenda Jumatano au Jumamosi, ambazo ndizo siku za soko, wakarudi na ndizi, vitunguu na nyanya, wala hawana haja ya kutazama nje ya dirisha. Mimi nami nimeipita mara nyingi kwa namna hiyo. Lakini mwezi wa Agosti uliopita kikundi chetu cha ngoma kilialikwa kwenye tamasha huko Taveta, na kwa kuwa mimi ni karani na nimezoea hesabu, nilipewa ukatibu wa safari.

Tulikuwa na magari manne: matatu mbili za wachezaji, motokaa ndogo ya wazee, na lori lililochukua viti, masufuria, maji na ngoma nne za mwazindika zilizofungwa kwa kamba na kufunikwa turubai. Kwa ajili ya wasomaji wasio wa huku, nitaeleza kwamba mwazindika ni ngoma ya Wadawida, wenyeji wa milima ya Taita. Asili yake si mchezo wa kuwafurahisha wageni. Ilipigwa ili kumtuliza mtu aliyesumbuliwa na pepo, ikakesha mpaka alfajiri. Siku hizi huchezwa harusini na mbele ya wakubwa. Katika kikundi chetu yupo mtu mmoja tu awezaye kuiongoza tangu mwanzo hata mwisho, mzee aliyekwisha kupita miaka 80, ambaye sote twamwita Babu.

Tuliondoka saa kumi na mbili asubuhi. Mpaka Mwatate ni mwendo mfupi, mkonge ukijipanga kama askari kwenye gwaride. Hapo vijana walipanda na spika kubwa, na mmoja wao akamweleza Babu kwa adabu kwamba amekwisha kuzinasa ngoma katika simu yake. "Babu, mikono yako ikichoka, tutaifungulia spika, na watu hawatajua." Babu aliitazama ile simu kwa muda. "Mjukuu wangu," akasema, "na pepo naye hatajua?" Watu walicheka sana, lakini yeye hakucheka.

Baada ya Bura nchi hufunguka, na milima ikabaki nyuma. Njia hii ni ya zamani kuliko lami yake. Misafara ya pwani ilipita huku, watu wakibeba ushanga na nguo vichwani kwenda Taveta na Uchagani, wakipumzika penye maji. Ndiyo njia aliyoifuata mmisionari Rebmann mwaka 1848, akiongozwa na Bwana Kheri, na tarehe 11 Mei akaona weupe juu ya Kilimanjaro. Alipouliza ni kitu gani, mmoja wa viongozi wake alimjibu kwamba ni baridi. Jibu zuri kabisa. Mabwana wenye elimu huko London walibishana miaka mingi juu ya theluji hiyo, na mtu wa msafara alikuwa amekwisha kuimaliza habari kwa neno moja.

Tulisimama Maktau ili tunywe chai. Wakati wa Vita Kuu ya kwanza palikuwa na kambi kubwa hapa, na reli ya kutoka Voi ilijengwa mwaka 1915 ili kupeleka majeshi mpaka Taveta, mji ambao Wajerumani waliuteka mwezi wa Agosti 1914. Makaburi ya askari yapo Voi, Maktau na Taveta, yametunzwa vizuri na yameandikwa majina. Wapagazi waliobeba mizigo ya vita hivyo walikufa kwa maelfu mengi, na wengi wao hawana hata jiwe. Babu alisema kwamba ndugu wa baba yake alichukuliwa upagazi asirudi, na nyumbani walimlilia kwa mwazindika kwa kuwa hawakuwa na maiti ya kuzika. Nimemjua mzee huyu maisha yangu yote, lakini sikupata kuisikia habari hiyo hata siku ile.

Toka hapo barabara hupita katika mbuga ya Tsavo Magharibi. Ndovu watatu walituzuia karibu robo saa, na dereva wa lori, ambaye shamba lake la mahindi limekwisha kuliwa mara mbili, aliwasema kwa maneno nisiyoweza kuyaandika hapa. Tukaupita mlima wa Salaita, ambapo askari wa Afrika Kusini walishindwa tarehe 12 Februari 1916, tukaingia Taveta saa nne.

Uwanja ulikuwa umejaa. Ngozi za ngoma zilikuwa zimelegea kwa umande wa asubuhi, basi tukawasha moto wa majani tukazikausha, Babu akizigonga kwa kidole na kusikiliza kama daktari. Ndipo mkuu wa shughuli alipotuletea habari kwamba kila kikundi kitapewa dakika kumi. Simlaumu, vikundi vilikuwa vingi na jua halimngojei mtu. Lakini ngoma ya usiku kucha haiwezi kukatwa kama kitambaa cha dukani.

Babu aliketi akaanza polepole, kama ipasavyo. Dakika ya saba ndipo miguu ya wachezaji ilipoanza kuwa mizito na umati ukanyamaza. Dakika ya kumi kengele ikalia. Babu hakuinua kichwa. Kengele ikalia tena. Mama mmoja mtu mzima akatoka katika umati, akavua viatu, akaingia katikati akicheza macho yamefumbwa. Mwisho wake mtangazaji alifungua muziki wa kikundi kilichofuata katika spika kubwa, na ngoma zetu zikamezwa. Tulikatwa alama kwa kupita muda, wala hatukupata tuzo.

Tulikula kimanga nyuma ya lori bila maneno mengi. Yule kijana wa simu alikuja akachuchumaa mbele ya Babu, akauliza dakika ya kumi na moja inakuwaje. Mzee alimwangalia, akasema mambo hayo hayaelezwi kwa mdomo. Aje nyumbani Jumapili baada ya kanisa, na aje na ngoma yake mwenyewe.

Hapo ndipo shida ilipo sasa. Gogo la kufaa si rahisi kupatikana, maana misitu iliyobaki milimani inalindwa, na ni haki ilindwe. Fundi tuliyemwendea anataka fedha kabla ya kushika tezo, na ngozi ni gharama mbali. Nimefungua ukurasa katika daftari la kikundi kwa ajili ya mchango huo. Jumapili iliyopita vijana waliokuja walikuwa watatu, na kwa kuwa hawana ngoma bado, Babu aliwafundisha juu ya madebe.