Kanumba, kalamu na flashi ya Kariakoo

Jamani, hili limenikaa kooni muda mrefu, acha leo nilitoe. Kila ikifika Aprili 7 tunamkumbuka Steven Kanumba. Picha zinazunguka, RIP zinamiminika, halafu kimya hadi mwaka unaofuata. Tunaikumbuka sura yake. Kalamu yake tumeisahau.

Tukumbushane kidogo. Kanumba alizaliwa Shinyanga mwaka 1984. Mwaka 2002 akajiunga na Kaole Sanaa Group, lile kundi la maigizo ya ITV. Enzi hizo huku Ilala nyumba yenye tivii ilijaa watoto wa mtaa mzima, wengine wamening'inia dirishani. Ila kwenye kundi, msanii ni mmoja kati ya wengi: unaambiwa simama hapa, lia pale, basi.

Jamaa hakuishia hapo. Mwaka 2006 ikatoka Dar 2 Lagos, kazi ya Bongo na Wanaijeria. Mwaka 2008 ikaja Oprah, akiwa na Ray na Irene Uwoya. Mwaka 2011 akacheza Devil Kingdom na Ramsey Nouah mwenyewe. Katikati ya hapo alishaanza kuandika hadithi, kuongoza filamu na kuendesha kampuni yake, Kanumba the Great Film. Kijana aliyekuwa anapangiwa pa kusimama sasa ndiye anayewapangia wenzake. Kwangu mimi hiyo ni safari kubwa kuliko ya Lagos.

Wajanja wa mjini walimcheka. Mwaka 2009 alipoingia Big Brother Africa kama mgeni, Kiingereza chake kikawa stori ya mji mzima. Yeye akarudi kazini, na Kariakoo ikaendelea kuuza CD zake.

Sasa hapo Kariakoo ndipo penye mzigo. Utaratibu uliozoeleka ulikuwa hivi: umemaliza filamu, una madeni ya kamera na waigizaji, unampelekea msambazaji. Anakupa hela ya mkupuo, unamkabidhi masta, unasaini. Ikiuza nakala elfu au laki, hesabu ni yake. Wewe unakwenda kutafuta hadithi nyingine.

Wiki iliyopita nilikatiza Mtaa wa Aggrey. Kijana mmoja alikuwa na laptop mezani, anawawekea watu muvi kwenye flashi. Nikamuuliza kama anazo za Kanumba.

"Zipo zote kaka. Unataka za kucheka au za kulia?"

Nikamuuliza, hiyo hela kuna inayofika kwa wenyewe?

Akacheka. "Kaka, marehemu atakuja kudai?"

Sikuwa na jibu la haraka, na watu nyuma yangu walikuwa wanasukuma. Lakini jibu lipo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mwandishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Kanumba alifariki mwaka 2012, akiwa na miaka 28. Kwa hesabu hiyo hadithi alizoandika zinalindwa hadi 2062. Tatizo ni kwamba sheria hairudishi kile ulichokwisha kukiuza kwa saini yako.

Juhudi zilifanyika. Mwaka 2013 TRA ilianza kubandika stempu kwenye CD na DVD. Aprili 2017 wasanii wa filamu waliandamana hapo hapo Kariakoo kupinga muvi za nje zinazouzwa kiholela. Wakachekwa, kama kawaida yetu. Halafu CD zenyewe zikafa, na stempu huwezi kuibandika kwenye flashi.

Leo kuna vijana wanaandika tamthilia za tivii na za mtandaoni, wengine wametoka TaSUBa kule Bagamoyo, wengine Mlimani. Vipaji wanavyo. Wengi wana na yale madeni ya kamera. Siku wakiwekewa karatasi mezani, kurasa kumi za Kiingereza cha wanasheria na kalamu juu yake, nani atakaa nao wazisome kabla ya kusaini?