Shikamoo na Jambo Afande

Kwetu Rujewa mdogo ndiye anayeanza kusalimia. Ukimpita mzee kimya, habari itafika nyumbani kabla yako. Ndiyo maana mdogo wetu wa mwisho alipotunukiwa kamisheni Monduli, mama hakuuliza mshahara wala kituo cha kazi. Aliuliza, “Sasa kaka yake atamsalimiaje?”

Hakuwa anatania. Kaka ni sajini. Aliingia jeshini kupitia JKT baada ya kidato cha nne, akapanda kutoka kuruta, V moja baada ya nyingine, miaka kumi na minne. Mdogo alimaliza shahada kwanza, akapita JKT, kisha akachukuliwa kuwa ofisa kadeti. Chuo cha Mafunzo ya Kijeshi Monduli, kule Arusha, kinapokea wa aina zote mbili, askari wanaoteuliwa kutoka vikosini na vijana wenye elimu ya chuo, na wote wanatoka na nyota ileile moja ya luteni usu. Kaka alitamani njia hiyo ya kwanza. Umri wa kozi ukampita akisubiri.

Suala la nani awe ofisa liliwahi kuitikisa nchi hii. Tarehe 20 Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles katika kambi ya Colito, Dar es Salaam, ambayo leo ni Lugalo, waliasi na kuwaweka chini ya ulinzi maofisa wao Waingereza. Walidai mishahara mizuri na maofisa Waafrika. Mwalimu Nyerere alilazimika kuita majeshi ya Uingereza kuwazima, na ilipofika 1 Septemba mwaka huohuo JWTZ ikaundwa upya kabisa. Mkuu wake wa kwanza, Mirisho Sarakikya, alikuwa amesomea uofisa Sandhurst na alikuwa na umri wa karibu miaka 30 tu. Huwa nawafikiria masajini wa enzi hizo, watu wazima wenye wake na wajukuu, wakibana visigino mbele ya kijana. Hakuna aliyewauliza mama zao.

Kaka alijaribu kumwelewesha mama. “Ile saluti haipigwi kwa mwanao. Inapigwa kwa kamisheni aliyopewa na Rais.”

“Na hiyo kamisheni ndiyo niliyoinyonyesha?”

Kaka akacheka, akaongeza kwamba kwata lenyewe maofisa wanafundishwa na masajini. Alilisema kwa sauti kubwa kidogo kuliko ilivyohitajika.

Walikutana nyumbani wakati wa mavuno ya mpunga, wote wawili wakiwa likizo. Mdogo alishuka kwenye bodaboda, akainama. “Shikamoo kaka.”

“Marahaba. Badili nguo, jaruba la chini halijakatwa.”

Tukavuna hadi jua likazama, mimi niliye katikati nikibeba maji. Usiku, tukiwa tunakula, simu ya mdogo ikaita. Alikuwa askari wa kikosini kwake. Akasikiliza, akatoa amri fupi, mbili tatu, kwa sauti ambayo hatujawahi kuisikia nyumbani kwetu. Kaka, aliyekuwa ameegemea gunia, akanyoosha mgongo na kubana miguu kabla hajajua anachofanya.

Mama aliona. Akavuta sufuria, akamwongezea kaka wali.