Vitabu Nilivyomsomea Baba

Leo nataka niwatajie vitabu vichache vya kusoma. Lakini kabla ya vitabu, inabidi nikiri kosa.

Baba yangu alistaafu ualimu mwaka 2021, alipotimiza miaka 60. Sisi watoto tulifurahi. Tukamwambia, baba umetusomesha, sasa pumzika, zamu yetu. Kaka akampelekea kiti cha kuegemea. Dada akamnunulia televisheni na king'amuzi. Mimi nikawa natuma hela kwa simu kila mwisho wa mwezi na kujiona mtoto mwema. Alipotaka kwenda shambani kwake, nje kidogo ya Muheza, tukamkataza: jua kali, utaanguka, weka kibarua. Alipotaka kupanda basi aje Dar kututembelea, tukasema safari ndefu baba, tutakuja sisi. Hatukwenda.

Desemba moja ndiyo nikaenda. Nikamkuta barazani kwenye kile kiti, televisheni inaongea peke yake ndani. Macho yalikuwa yameanza kuingia ukungu, mtoto wa jicho, anasubiri siku yake ya kufanyiwa upasuaji.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Umekuja kuhani?"

Nikashtuka. "Nani kafariki, baba?"

"Mimi. Mlishanizika siku nyingi, mmesahau kufukia tu."

Alisema akicheka, lakini sikucheka. Usiku ule sikulala vizuri.

Nadhani kilichoniuma zaidi ni kazi yangu. Mimi ni mwandishi wa habari. Kila tarehe 1 Oktoba, Siku ya Wazee Duniani, ambayo Umoja wa Mataifa umekuwa ukiiadhimisha tangu 1991, nimekuwa naandika habari ileile. Picha ya mikono yenye makunyanzi imeshika fimbo. Kichwa cha habari lazima kiwe na neno "kilio". Mafao yamechelewa, foleni hospitalini ni ndefu, vikongwe wanauawa kwa sababu macho yao ni mekundu na majirani wameamua kwamba ni wachawi. Yote ni kweli, na nitaendelea kuyaandika. Ila jiulize: katika miaka yote hiyo niliwahi kuandika habari za mzee anayepanga kesho yake? Hata mmoja! Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamhesabu mtu kuwa mzee akifika miaka 60. Basi baba yangu alilala mwalimu, akaamka "kilio".

Asubuhi akaniambia, "Kama umekuja na kitabu, nisomee. Hizi herufi siku hizi zinanikimbia." Kwa bahati kwenye begi nilikuwa na kimoja. Hivyo ndivyo tulivyoanza, na kila nilipokwenda tena nilibeba kingine.

Cha kwanza kilikuwa The Old Man and the Sea cha Hemingway, cha mwaka 1952. Wengi mnakijua. Santiago, mvuvi mzee wa Cuba, amekaa siku 84 bila kupata samaki. Wenzake wanamwona ana mkosi. Siku ya 85 anaingia kwenye maji marefu peke yake, ananasa samaki mkubwa kuliko mashua yake, wanavutana siku kadhaa. Njiani kurudi papa wanamla samaki wote, anafika pwani na mifupa. Mimi shuleni nilifundishwa kwamba ni hadithi ya kushindwa kwa heshima. Baba akanikatiza. "Acha hayo ya mwalimu wako. Mwisho wa hadithi yule kijana anasemaje?" Nikarudi nyuma kuangalia. Kijana Manolin, ambaye wazazi wake walimkataza kuvua na mzee, anasema atakwenda naye tena kwa sababu bado ana mengi ya kujifunza kwake. "Basi," baba akasema. "Samaki kaliwa, kazi haijaliwa." Nikanyamaza.

Cha pili ni Tuesdays with Morrie cha Mitch Albom, kilichotoka 1997. Hiki ni cha kwetu sisi waandishi, maana Mitch ni mwandishi wa michezo wa Detroit. Alipohitimu chuo alimwahidi profesa wake, Morrie Schwartz, kwamba watawasiliana. Ikapita miaka 16 kimya, kazi na hela, hela na kazi. Siku moja akamwona profesa kwenye televisheni, anakufa taratibu kwa ugonjwa wa mishipa ya fahamu unaomlegeza mwili. Ndipo akaanza kwenda kila Jumanne. Nakipenda kwa sababu hakidanganyi. Morrie anafika mahali pa kuhitaji msaada hadi chooni. Lakini hajageuka mzigo kwenye kitabu, amebaki mwalimu, na hawaonei wivu vijana kwa kuwa ujana alishaupitia. Nilipofika kwenye ile miaka 16 nilisoma harakaharaka. Baba aliliona hilo. "Hapo soma polepole," akasema.

Cha tatu ni By the Sea cha Abdulrazak Gurnah, cha mwaka 2001. Ukikisoma unasikia harufu ya nyumbani. Saleh Omar, mfanyabiashara wa samani kutoka Zanzibar, ana miaka 65 anapotua uwanja wa Gatwick kuomba hifadhi. Anajifanya hajui Kiingereza. Afisa wa uhamiaji anamnyang'anya kasha lake la udi. Afisa huyo anashangaa mzee wa umri ule anatafuta nini ukimbizini. Kumbe maisha yake yenye uzito yalikuwa bado. Kule Uingereza anakutana na mtu ambaye familia yake ilikuwa na ugomvi wa zamani naye, wakakaa chini, wakasimuliana, kila mmoja akarekebisha kumbukumbu za mwenzake. Inahitaji umri kufanya kazi ile. Na msisahau, Gurnah mwenyewe alipopewa Nobel mwaka 2021 alikuwa na miaka 72.

Cha nne ni cha Kiswahili, Mzee Rukhsa: Safari ya Maisha Yangu, cha Rais mstaafu Ali Hassan Mwinyi. Kilizinduliwa Mei 8, 2021, siku aliyotimiza miaka 96! Hebu fikiria. Wengine tuna miaka 28 na bado tunasema kitabu tutaandika tukitulia. Mzee Mwinyi alifariki Februari 2024 akiwa na miaka 98, lakini kitabu kipo. Baba alikipenda kuliko vyote, kwa sababu Mwinyi naye alikuwa mwalimu. Kila ukurasa alikuwa na la kuongeza.

Kuna na cha tano, Love in the Time of Cholera cha García Márquez, cha mwaka 1985. Florentino Ariza anamsubiri Fermina Daza miaka zaidi ya hamsini, hadi mumewe anapofariki, ndipo wazee wawili wanaanza mapenzi melini. Kitabu kizuri sana, na kinathibitisha kwamba moyo haustaafu. Ila hicho sikumsomea baba. Kuna kurasa ambazo mtoto hawezi kumsomea mzazi wake kwa sauti, jamani.

Sasa nimalizie na lile lililonitoa jasho. Jioni moja tumemaliza kurasa za Mzee Rukhsa, nikamwambia baba kwamba natafuta vitabu vingine vya namna hii, vinavyoonyesha uzee una mambo yake mazuri, na kwetu ni vichache. Akakaa kimya kidogo.

"Bibi yangu unamjua?"

"Nimesikia jina tu."

Akaanza. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na miaka iliyofuata nchi nzima ikaingia darasani. Baba alikuwa mtoto wa shule ya msingi. Asubuhi anakaa yeye kwenye dawati, jioni bibi yake anakwenda kukaa palepale, darasa la ngumbaru. Bibi alikuwa na mvi kichwa kizima. Usiku, kibatari kikiwaka, mjukuu ndiye alikuwa akimkagulia daftari. Bibi alikuwa akikosea herufi anacheka hadi anashika mbavu. Siku alipoandika jina lake kwa mara ya kwanza aliliandika kwa mkaa ukutani, jikoni, na hakuna aliyeruhusiwa kulifuta.

"Siku ile ndiyo niliamua kuwa mwalimu," baba akasema. "Wewe mwandishi, umeandika habari za wazee miaka mingapi? Hiyo mbona hukuniuliza?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimesafiri hadi Cuba, Detroit na Gatwick kutafuta mzee mwenye kesho, na alikuwa jikoni kwetu, ameandika jina lake ukutani.

Upasuaji wa jicho moja umeshafanyika na umekwenda vizuri. Sasa anasoma mwenyewe, tena ananipigia simu kunisahihisha majina niliyotamka vibaya. Shambani anakwenda. Tulibishana, akashinda. Mwezi uliopita alipanda basi bila kutuaga, akanipigia akiwa tayari ameshafika Dar: "Njoo stendi, nimekuja na machungwa."

Kwa hiyo ndugu zangu, hivyo ndivyo vitabu vyangu. Tafuteni msome. Lakini ukishamaliza kimoja, funga, mpigie mzee wako, na usimwulize anaumwa nini. Mwulize anapanga nini.