DJ, R6 NA EKZOSI: MTAA MZIMA ULIDHANI ANATAFUTA KIKI

Kuna DJ mmoja hapa Dar, jina kapuni, anapiga kwenye viwanja viwili vitatu vya Sinza na Mikocheni. Mwaka jana majirani zake walimchoka kabisa. Sio kwa muziki, kwa pikipiki.

Mashine yenyewe ni Yamaha R6 ya 2008, mkono wa pili, imetokea Uingereza. Cc 599, silinda nne, na kama unazijua hizi chuma unajua haiamki mpaka uzipandishe raundi juu kabisa. Ekzosi ya kiwandani ni fupi, nzito, imejificha chini ya injini, na ina adabu zake. Ukipita taratibu ni kama cherehani. Jamaa hakuvumilia huo ukimya hata mwezi.

Mtaa ukasema anatafuta kiki. Wengine wakasema anataka mademu wageuke. Wachache sana ndio waliojua kwamba miezi mitano kabla, mshkaji wake wa tangu sekondari, naye mtu wa pikipiki kubwa, alikatwa na gari iliyokuwa inatoka sheli barabara ya Bagamoyo. Saa kumi na mbili jioni, jua bado lipo. Dereva alisema lile neno wanalolisema wote: sikumwona. DJ akatoka nalo msibani kichwani. Kama hawaoni, basi wasikie.

Ndio akaingia sokoni. Wanaojua watakwambia kuna njia mbili. Slipu-oni, yaani unabadilisha kile kichungio cha mwisho tu, na fulu sistemu, unang'oa bomba zote kuanzia kwenye injini. Slipu-oni kwa 600 inakuongezea nguvu kidogo mno, usidanganywe na wauzaji. Unachonunua pale ni kupunguza uzito na mlio. Fulu sistemu ndio inaleta farasi wa kuonekana, ila bei yake inauma na lazima kompyuta ya pikipiki ipangwe upya.

DJ akataka Akrapovič, kwa sababu kila video anayoangalia ni Akrapovič. Kampuni ya Slovenia, ilianzishwa 1990 na dereva wa zamani wa mashindano, na bei zake zinafanana na sifa zake. Akaipata mjini kwa bei ya kutupa. Hapo ndipo mtu mzima hushtuka, yeye akashukuru Mungu.

Wakafunga kijiweni, nusu saa tu. Yule kijana wa kijiweni akamshauri pia akate zile waya za EXUP, kile kilango ndani ya bomba kinachojifunga na kujifungua kulingana na raundi, eti kinaibana injini. Akatoa na dibi-kila, ile koni ya ndani inayopunguza kelele. Pikipiki ikawashwa, watu wa chipsi wakaacha kukaanga.

Wiki ya kwanza raha. Akiachia gesi inapasua, pa-pa-pa, watoto wanashangilia. Wiki ya pili taa ya injini ikawaka. Wiki ya tatu mashine ikawa inajikwaa kwenye foleni, miguu inaungua, na kule chini nguvu imepotea. Wiki ya nne mama wa nyumba ya pili, aliyekuwa na kichanga, alimfuata mama yake DJ na kulia mbele yake. Hakugomba. Alilia tu.

Mama mtu hakusema mengi. "Mwanangu, hiyo kitu irekebishe."

Akapelekwa kwa fundi mmoja wa Magomeni, mzee wa makamo asiyependa stori. Fundi akachukua sumaku ya spika bovu, akaibandika kwenye ile Akrapovič. Ikaganda.

"Mdogo wangu, titani haishikwi na sumaku. Na hii rangi ya bluu ni ya kupulizia. Titani ya kweli inageuka bluu yenyewe kwa moto."

Akawasha injini ikiwa bado ya baridi, akamwagia maji ya sabuni kwenye maungio. Mapovu. Gasketi ilirudishwa ile ile ya zamani, hewa inapenya, na ule mpasuko aliokuwa anaupenda nusu yake ulikuwa ni huo mwanya. Nusu nyingine ni mchanganyiko. Petroli kilo moja inahitaji hewa kama kilo 14.7 ili iungue yote, na injini ikitaka nguvu inapenda karibu na 13. Ukifungua njia ya moshi hewa inapita zaidi, kompyuta inaweza kuendelea kutoa mafuta yale yale, mashine inaungua kavu. Ndio ule moto miguuni. Ukiendelea hivyo valvu zinakudai.

Zile waya za EXUP fundi alizirudisha huku anasonya. Kile kilango ndicho kinachoipa mashine nguvu ukiwa raundi za chini. Kwenye foleni ya Ubungo unaishi raundi za chini.

DJ akamwambia ukweli sasa. Kwamba ile kelele hataki kuipunguza, akaeleza na sababu. Fundi akanyamaza kidogo, kisha akamwambia aingie kwenye gari ya mteja iliyokuwa pale nje, apandishe vioo, awashe AC na muziki kama madereva wanavyokaa.

Akaweka miksi yake mwenyewe. Fundi akaondoka na R6, akazunguka mtaa, akarudi kwa kutokea mbele. DJ alikuwa anajua inakuja, alikuwa anaisubiri, na bado aliisikia ikiwa imeshampita. Mdomo wa bomba unatazama nyuma. Wanaoipata kelele yote ni walioachwa.

Alikaa ndani ya ile gari mpaka miksi ikaisha.

Baadaye alinunua slipu-oni halisi kutoka kwa mtu aliyekuwa anaachana na pikipiki, imetumika, ina mikwaruzo, sumaku haishiki. Gasketi mpya. Akaagiza Power Commander, kidude kinachokaa kati ya kompyuta na nozeli, na fundi akachomelea sensa kwenye bomba, akakaa na laptop Jumapili mbili anasoma hewa na mafuta raundi kwa raundi, huku anaongeza kidogo, anapunguza kidogo. Inavyoondoka sasa ni laini, kama imepakwa mafuta. Dibi-kila imo ndani. Pesa iliyobaki akanunua koti lenye mistari ya kung'aa, na taa ya mbele anawasha hata mchana.

Mama yake alikuwa anajua mwanae karudi kwa ule mlio, saa tisa usiku, akisikia kutokea kona ya msikiti ndio anageuka upande na kulala. Sasa hausikii tena. Anaacha taa ya kibarazani inawaka, na DJ akifika ndiye anayeizima.

Wenye mashine mjini, dibi-kila mnaacha au mnatoa?