Namba ya Siri Nyumbani Mwetu

Hapa kwetu Lukole wazee hunijia baada ya Alasiri, simu mkononi, niwasomee khabari zilizowafikia. Wengi hunitajia na namba ya siri mbele za watu. Wengine wameiandika nyuma ya simu. Vijana huwacheka. Mimi siwacheki.

Mwaka 1999 wataalamu wawili wa University College London, Anne Adams na Angela Sasse, hawakuishia kwenye kompyuta, bali waliwauliza wanaozitumia. Wakaona kuwa mtu akitwikwa maneno ya siri mengi, asielezwe sababu yake, huyaandika karatasini. Ila, basi, i katika mpango zaidi kuliko katika mtu.

Hao walichunguza maofisi. Kwetu bibi asiyejua kusoma hana budi amwamini mtu, na simu moja ni ya nyumba nzima. Mlaghai aandikaye “ile pesa tuma kwa namba hii” ayajua hayo barabara.

Wanafunzi wangu nawaambia: bibi akibonyeza, geuzeni nyuso. Kibonye cha 5 kina kinundu. Kutoka hapo vidole vyake hujifunza njia. Mmoja amekwisha kuweza, na sasa humfukuza hata mjukuu wake.