Umelipia, Lakini Si Mali Yako: Somo Kutoka Michezo ya Kompyuta

Baadhi ya wanafunzi wangu hushangaa wanapogundua kuwa mhadhiri wao hucheza michezo ya kompyuta. Hushangaa zaidi wanapoona kuwa kompyuta yenyewe haina Windows, bali inaendeshwa na Linux. Mshangao wa kwanza sina haja ya kuujibu, kwani mtu mzima ana haki ya kupumzika apendavyo. Huu wa pili ningependa kuujibu kwa kirefu, kwa sababu ndani yake mna swali la kisiasa: ni nani mwenye kitu ambacho mwananchi amekwisha kukilipia?

Nianze na historia kidogo. Linux ni kiini cha mfumo endeshi kilichoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland. Mwaka uliofuata aliiweka chini ya leseni ya mradi wa GNU, ulioasisiwa na Richard Stallman mwaka 1983. Leseni hiyo humhakikishia mtumiaji haki nne: kuitumia programu kwa lengo lolote, kuichunguza, kuirekebisha na kuigawa kwa wengine. Nasi Waswahili hatukukaa pembeni. Mradi wa Kilinux, uliofanyika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulizaa Jambo OpenOffice mwaka 2004, programu za ofisi zinazozungumza Kiswahili. Hilo liliwezekana kwa sababu mlango ulikuwa wazi, na hapakuwa na mwenye nyumba wa kuombwa ruhusa.

Mimi nilihamia Linux kwa sababu za kawaida kabisa. Kompyuta mpakato yangu ilikuwa ya mtumba, na flashi za wanafunzi wanaoniletea tasnifu zao zilikuwa zikiniachia virusi kila juma. Kilichonikosesha raha ni michezo tu. Kwa miaka mingi, kuchagua Linux kulimaanisha kuiaga michezo mikubwa.

Wapo waliojaribu kuibadili hali hiyo mapema. Kampuni ya Loki Software ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1998, ilihamishia katika Linux michezo iliyotengenezwa kwa ajili ya Windows na kuiuza madukani. Kufikia mwaka 2002 ilikuwa imefunga milango. Wengi wakahitimisha kwamba watu wa programu huria wamezoea vya bure na hawanunui kitu. Mei 2010 tuhuma hiyo ilipata jibu. Watengenezaji wachache wa michezo waliuza bidhaa zao pamoja, kwa jina la Humble Indie Bundle, na kila mnunuzi akaachiwa apange bei mwenyewe. Watumiaji wa Linux ndio waliolipa wastani mkubwa zaidi, wakiwazidi wa Mac na wa Windows. Kumbe mtu anayetetea uhuru wa programu si mtu anayekwepa kulipa. Analotaka ni kulipa kwa masharti ya haki.

Mageuzi makubwa yalikuja kutoka kwa mfanyabiashara, wala hayakuwa sadaka. Kampuni ya Valve, yenye duka la michezo liitwalo Steam, ilitoa Steam ya Linux mwaka 2013. Mwaka mmoja kabla, kiongozi wake, Gabe Newell, alikuwa ameikosoa Windows 8 hadharani kwa maneno makali. Windows ilikuwa sasa inakuja na duka lake, na mwenye duka aliyepanga kwenye jengo la mwenzake ana kila sababu ya kuhofu pale mwenye jengo anapofungua duka la bidhaa zilezile. Agosti 2018 Valve ikatoa Proton, iliyojengwa juu ya programu huria ya Wine ambayo ilianza mwaka 1993. Kazi ya Proton ni ya ukalimani. Mchezo unazungumza lugha ya Windows, nayo inayapokea maombi yake na kuyafikisha kwa Linux katika lugha ambayo Linux inaielewa. Mwaka 2022 Valve ikaanza kuuza Steam Deck, mashine ya mkononi inayoendeshwa na Linux. Tangu hapo, sehemu kubwa ya michezo isiyohitaji intaneti inachezeka kwenye kompyuta yangu bila taabu.

Ndipo nilipokutana na tatizo lililonifanya niandike makala haya. Nilinunua mchezo wa mashindano ya magari, nikaulipia kwa kadi ya mtandaoni iliyounganishwa na simu yangu. Bando la kuupakua lilinigharimu karibu sawa na mchezo wenyewe. Kwa muda wa karibu miaka miwili, kila Jumamosi usiku nilicheza na mpwa wangu anayesoma mkoa mwingine. Yeye alitumia Windows, mimi Linux, na kati ya mbio moja na nyingine tulizungumza juu ya mitihani yake na afya ya bibi yake. Siku moja kampuni yenye mchezo huo ilitoa sasisho lenye programu ya kuzuia udanganyifu, na tangu siku hiyo kila mwenye Linux akawa anakataliwa mlangoni.

"Shikamoo mjomba," mpwa wangu alinipigia simu. "Mbona huingii?" Nikamweleza. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Kwani si ulilipa, mjomba?"

Niliiandikia kampuni. Jibu lilikuwa la adabu na fupi: Linux haijawahi kuwa miongoni mwa mifumo inayotambuliwa rasmi, na fedha hazirudishwi. Kisheria walikuwa sahihi. Mkataba ambao kila mnunuzi huukubali kwa kubonyeza kitufe unasema kwamba ninachopewa ni leseni, nayo yaweza kubadilishwa.

Nisiwaonee. Udanganyifu katika michezo ya mtandaoni upo, na unawaudhi wachezaji waaminifu. Katika Windows, programu nyingi za kuuzuia hujipenyeza hadi kwenye kiini cha mfumo na kuona karibu kila kitu, wakati katika Linux hazipewi nafasi hiyo. Hata hivyo, tangu mwaka 2021 mbili zilizoenea sana, Easy Anti-Cheat na BattlEye, zinaweza kufanya kazi kupitia Proton iwapo mtengenezaji wa mchezo ataruhusu. Wengine wameruhusu, wengine wamekataa. Ni uamuzi wa kibiashara, na aliyekwisha kulipa hakuulizwa.

Msomaji anayetumia Windows asidhani haya hayamhusu. Mwishoni mwa Machi 2024, Ubisoft ilizima seva za mchezo wa The Crew, uliotoka mwaka 2014. Kwa kuwa haukuweza kuchezwa bila seva hizo, wote walioununua walibaki mikono mitupu, hata wenye diski kabatini. Wachezaji wa Ulaya walijipanga, wakapeleka madai yao Umoja wa Ulaya, na kufikia Julai 2025 sahihi zilikuwa zimepita milioni moja. Huko California ilipitishwa sheria, inayotumika tangu Januari 2025, inayomtaka muuzaji wa bidhaa za kidijitali amweleze mteja waziwazi kwamba anachopata ni leseni. Sheria hiyo haimrudishii mtu mali. Inamlazimu tu muuzaji aache kuita upangaji kuwa ununuzi. Hata hivyo, kuita jambo kwa jina lake ni hatua ya kwanza ya siasa yoyote ya maana.

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Nimeanza kununua kwa kuikumbuka methali hiyo. Ninapoweza, nanunua kwenye duka la GOG, ambalo huuza michezo isiyo na kufuli za kidijitali. Hata hapo, kwa mujibu wa mkataba, ninachopewa ni leseni, lakini faili la kusakinishia naliweka kwenye diski yangu ya nje, na naweza kulitumia bila intaneti na bila kumgongea mtu mlango. Kwa mtu anayepima bando kwa gigabaiti, hilo si jambo dogo. Na ipo michezo huria kabisa, kama 0 A.D., mchezo wa mikakati kuhusu dola za kale ambamo ufalme wa Kushi nao unasimama bega kwa bega na Roma na Uajemi. Mchezo huo nimempa mpwa wangu kwenye flashi, na hakuna kampuni inayoweza kutunyang'anya.

Sasa niwageukie watumishi wa umma mnaosoma ukurasa huu. Mchezo wangu ukifungwa, ninachopoteza ni Jumamosi. Mfumo wa hospitali, wa mahakama au wa mishahara unaponunuliwa kwa masharti yaleyale, kinachowekwa rehani ni haki ya mwananchi. Kabla ya kusaini, ulizeni: muuzaji akiondoka kesho, mfumo utaendelea kufanya kazi? Kumbukumbu zetu zitasomeka kwa programu nyingine? Nani ana msimbo, na nani anaruhusiwa kuurekebisha? Kama majibu hayamo kwenye mkataba, basi hatununui, tunapanga, na bajeti iseme hivyo.

Nanyi wanaharakati, hapa Tanzania tunayo Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayomlinda mlaji dhidi ya maelezo ya kupotosha. Sioni kwa nini kitufe kilichoandikwa "Nunua", huku nyuma yake mna mkataba wa upangaji, kisijadiliwe chini ya sheria hiyo. Wanafunzi wa sheria wanaotafuta mada ya tasnifu, mada ndiyo hii. Mwenye kuianza anikute ofisini. Risiti yangu ya mchezo wa magari bado ninayo, naye ataruhusiwa kuitumia kama kielelezo.